Zana ya wavuti kwa mwandishi wa Kiswahili: anza na kipimo cha mizani

SWALI: Nimejifunza HTML, CSS na JavaScript kiasi cha kuweza kutengeneza tovuti ndogo inayofanya kazi. Nataka kutengeneza zana ya bure ya kuwasaidia wanaoandika Kiswahili mtandaoni: washairi, waandishi wa hadithi za mfululizo, wanaoandika matangazo ya vikundi. Kila wazo ninalolipata naliona tayari lipo kwa Kiingereza, na nikilitafsiri halifanyi kazi vizuri. Nianze na zana ipi, nipate wapi maneno ya kuijenga, na ni kitu gani kitaniharibikia kwenye simu za kawaida?

JIBU: Ndugu, uliposema kwamba ukitafsiri zana haifanyi kazi vizuri, umegusa kiini cha jambo. Zana nyingi za waandishi kazi yake ni kuhesabu, na kinachohesabiwa kinategemea lugha. Chukua kipimo cha wepesi wa kusoma alichokitoa Rudolf Flesch mwaka 1948, ambacho mpaka leo kimo ndani ya programu nyingi za uandishi. Unaanza na 206.835, unatoa wastani wa maneno kwa sentensi mara 1.015, kisha unatoa wastani wa silabi kwa neno mara 84.6. Alama ikikaribia 100 maandishi ni mepesi, ikikaribia 0 ni magumu. Sasa kipe sentensi hii: “Wanafunzi waliochelewa hawataruhusiwa kuingia darasani.” Maneno 5, silabi 25, wastani silabi 5 kwa neno. Jibu linatoka −221. Mtoto wa darasa la nne anaielewa sentensi hiyo bila taabu, lakini kipimo kinamwambia mwandishi kwamba ameandika kitu kisichosomeka. Kiswahili hupakia kiima, wakati, urejeshi na kauli ndani ya neno moja, na fomula ile haikutungwa kwa lugha ya namna hiyo.

Kwa hiyo usitafute wazo kwenye orodha za zana za Kiingereza. Tafuta kazi ambayo mwandishi wa Kiswahili anaifanya leo kwa vidole au kwa kichwa, na ambayo kompyuta inaweza kuifanya ndani ya kivinjari bila seva. Ninayoipendekeza ianze ni kipimo cha mizani, yaani silabi za mshororo, na vina, yaani silabi za mwisho zinazolingana. Ina watumiaji wa kweli, kanuni zake zinaandikika, na unaweza kuikamilisha peke yako. Nitaieleza kwa urefu, kisha nitaje nyingine tatu fupi zinazoweza kuifuata.

Mtunzi wa shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, huhesabu mizani kila mshororo. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne katika ubeti, kila mshororo vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande mizani 8. Mshororo kama huu:

Mvua imekwishanyesha, mashamba yote ni tope

una mvu-a-i-me-kwi-sha-nye-sha, 8, na ma-sha-mba-yo-te-ni-to-pe, 8. Kina cha kati ni “sha”, cha mwisho ni “pe”. Zana yako inatakiwa kuandika pembeni ya mshororo “8 + 8” papo hapo mwandishi anapochapa, na kuonyesha vina vya ubeti mzima vikiwa vimepangwa safu moja chini ya nyingine.

Msingi wa hesabu ni rahisi. Kila irabu ni mizani moja, hata zikifuatana: “au” ni mbili, “mvua” inaishia na “u-a”. Ukishahesabu irabu umepata kama sehemu tisa katika kumi za kazi. Sehemu iliyobaki ndiyo itakayoamua kama washairi wataiamini zana yako au wataiacha siku ya kwanza, na karibu yote inahusu m na n.

Herufi m ikifuatwa na konsonanti isiyo b, v wala w, ihesabu mizani moja: m-tu, m-pi-ra, m-me-a, m-fa-no, ha-m-si-ni. Herufi n ikifuatwa na konsonanti isiyo d, g, j, w, y wala z, vilevile: n-chi, n-ta, n-ne. Zile zilizobaki, yaani mb, mv, nd, ng, nj, nz, kwa kawaida huungana na irabu inayofuata na hazina mizani yake: mbu-zi, ndo-to, nzi-ge. Ila neno likiwa na irabu moja tu, nazali, yaani hiyo m au n, hujitegemea: m-bu, n-zi, n-ge, m-bwa. Weka kanuni ya kuhesabu irabu za neno zima kwanza. Ikiwa ni moja na neno linaanza na mojawapo ya hizo, ongeza 1.

Ugumu unakuja kwenye mb na mv. “Mvua” ni mvu-a, lakini “mvuvi” ni m-vu-vi, kwa sababu m ya mvuvi ni kiambishi cha ngeli ya watu. “Mbuzi” ni mizani mbili, “mbunge” ni tatu. Kitenzi chenye yambwa, yaani kiambishi cha mtendwa, nacho kinaingia humohumo: “kuimba” ni ku-i-mba, “nilimbeba” ni ni-li-m-be-ba. Na kuna neno moja linalobadilika bila herufi hata moja kubadilika: katika “mtu mbaya” ni m-ba-ya, katika “habari mbaya” ni mba-ya. Hakuna kanuni ya herufi itakayokutenganishia hizo. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, tengeneza orodha ya maneno ya mb na mv yanayojulikana, ukiyagawa makundi mawili. Anza na 200 hivi: mbunge, mbeba, mbishi, mbuyu, mvuvi, mvulana, mvivu upande mmoja, mbuzi, mbegu, mboga, mbele, mbali, mvua upande wa pili. Pili, neno lisilokuwemo, au lenye sura mbili kama “mbaya”, lipigie mstari wa njano. Mwandishi akiligusa, zana imuulize “mizani 2 au 3?” na ikumbuke jibu kwa neno hilo katika shairi hilo.

Kwa nini usikisie tu? Kwa sababu mshairi anayejua kazi yake akiona zana imemhesabia 9 mahali alipoweka 8, hatafikiri kwamba ni neno moja limekosewa. Ataona zana haijui mizani. Kumuuliza mara moja ni heshima, na kunaokoa imani yake.

Jambo jingine ambalo halina jibu moja ni konsonanti zinazofunga silabi katika maneno ya mkopo: labda, maktaba, daftari, elfu, alhamisi. Wapo watunzi wanaoipa konsonanti hiyo mizani yake, “la-b-da” ikawa tatu, na wapo wanaosoma “lab-da” na kuhesabu mbili. Usijifanye mwamuzi. Weka kitufe cha kuwasha na kuzima kwa shairi zima, na chaguo-msingi liwe la kuhesabu. Kabla ya kufika hapo hakikisha umezitambua herufi pacha ch, dh, gh, kh, ny, sh, th pamoja na miungano ya w na y kama kw, bw, vy, fy. La sivyo “chakula” itapata mizani nne na “vyombo” tatu.

Upande wa vina, watengenezaji wengi hukosea kwa kukata mshororo kwenye mizani ya nane. Ukwapi ukipungua mizani moja, kila kitu baada yake kinasogea, na zana inaripoti makosa mengi mahali penye kosa moja. Tumia koma kuwa mpaka wa vipande, au nafasi ya mpaka aliyoweka mwandishi mwenyewe kwa alama ya mkwaju (/). Hesabu kila upande peke yake. Kina ni silabi nzima ya mwisho ya kipande, hivyo “sha” na “cha” havilingani ingawa vyote vinaishia na a.

Usilazimishe 8 + 8 pia. Shairi la msuko lina kibwagizo kifupi kuliko mishororo mingine, ukawafi una vipande vitatu, utenzi kwa kawaida una mizani 8 kwa mshororo mzima. Zana ilinganishe kila mshororo na iliyo mingi katika ubeti huohuo, kisha ipake rangi uliojitenga, na mshororo wa mwisho wa beti ulinganishwe na ya mwisho ya beti nyingine. Hivyo hutahitaji kumuuliza mwandishi anatunga bahari gani, yaani aina gani ya shairi, kabla hajaandika neno. Vilevile ukijumlisha vina vya beti zote unaweza kumwambia kama shairi lake ni mtiririko, kwa kuwa vina havikubadilika tangu ubeti wa kwanza, au ukara, ambapo kina kimoja hubaki na kingine hubadilika, au ukaraguni, ambapo vyote hubadilika. Hilo ni nyongeza ndogo ya msimbo, na wanafunzi wa sekondari na walimu wao watalipenda mno.

Baada ya hapo watu watakuomba kikagua tahajia. Hapa nenda taratibu. Kikagua tahajia kamili cha Kiswahili ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana, na sababu yake inahesabika. Chukua mzizi mmoja, -pig-. Una viambishi vya kiima kama 14 tofauti, viambishi vya wakati na hali kama 7 (na, li, ta, me, ki, nge, ngali), na nafasi ya yambwa yenye chaguo kama 15 ukihesabu na ile ya kukosekana. 14 × 7 × 15 ni maumbo 1,470, na bado hujagusa ukanushi wala urejeshi. Zidisha kwa kauli sita (piga, pigia, pigwa, pigika, pigisha, pigana) unafika 8,820 kwa mzizi mmoja. Si yote yenye maana, lakini hata nusu yake haiwekwi kwenye orodha. Ndiyo maana Hunspell, injini inayotumiwa na LibreOffice na Firefox, inaelemewa na vitenzi vyetu: kwa kawaida hukubali kiambishi awali kimoja, au viwili ukibadilisha mpangilio wake, ilhali “nitakayemwandikia” ina vinne kabla ya mzizi. Njia inayofaa ni ya mashine za hali, yaani programu inayosoma neno kipande kwa kipande ikijua kipi kinaweza kufuata kipi, ambayo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia katika mfumo wake wa SALAMA wa kuchambua Kiswahili. Kwa kazi huria kuna foma, ambayo sarufi yake unaiandika kama kanuni kisha inaunganishwa kuwa faili moja. Liwe lengo la mwaka wa pili.

Kinachowezekana sasa, na kinachomsaidia mwandishi zaidi, ni zana ya makosa machache yanayojirudia. Mengi ya makosa ya mtandaoni ni maneno halisi yaliyokaa mahali pasipo pake, ambayo hata kikagua kamili kingeyapitisha. Mfano mkuu ni “alikua” badala ya “alikuwa”. Neno “alikua” lipo, maana yake aliongezeka umri au kimo. Kanuni yako iangalie kinachofuata: kikifuata kitenzi chenye kiima na wakati (“alikua anasoma”), au “na” ya umiliki (“alikua na watoto watatu”), uliza kama alikusudia “alikuwa”. Ikifuata “haraka” au “mpaka”, au nukta, nyamaza.

Kundi la pili ni h iliyodondoka au iliyoongezwa: alafu, akuna, ivyo, iyo, na upande wa pili “hametoka”, “hamefika”. Zile za kwanza ni rahisi, kwani “akuna” na “alafu” si maneno sanifu ya kitu kingine. “Hame-” ni kanuni nzuri pia, maana ukanushi wa -me- ni haja-, kwa hiyo neno linaloanza na hame- na kuishia na a karibu daima ni “ame-” iliyoongezewa h. Weka sharti hilo la kuishia na a, la sivyo utamsumbua aliyeandika “hamezi vidonge” akimaanisha hamezi kweli. Lakini usijaribu kanuni kama hiyo kwa “hali-”. Halina, halitoshi, halitakuwa, zote ni sahihi kwa ngeli ya li- na ya-, na zana yako itapiga kelele kila sentensi.

Upatanisho wa kisarufi unavutia, lakini una mtego. Kanuni ya “ki- hufuatwa na ki-” itamkosoa aliyeandika “kifaru mkubwa” na “kijana mzuri”, ambazo ni sahihi kwa sababu viumbe hai hufuata a- na wa-. Ukirekebisha hilo utakuta “rafiki yangu mkubwa”, ambapo kimilikishi kimefuata i- na kivumishi kimefuata a-, na bado ni sahihi. Bila orodha ya nomino za viumbe hai usiguse upatanisho kabisa.

Kila kanuni unayoiweka ipime kabla ya kuitoa. Chukua sentensi 200 halisi zenye neno husika, zipitishe kwenye kanuni, kisha soma kwa macho yako kila onyo lililotoka. Kama zaidi ya onyo moja katika kumi si la haki, ifute au ikaze. Kanuni 30 zinazoaminika zina manufaa kuliko 300 zinazobahatisha, kwa sababu mwandishi akishaonywa bure mara tatu nne huacha kuyasoma maonyo yote.

Zana ya tatu ni ndogo sana, unaweza kuimaliza kwa siku mbili, na wanaotuma matangazo ya vikundi kwa ujumbe wa simu itawapunguzia gharama: kihesabu cha herufi kinachojua ritifaa, ile alama iliyo katikati ya “ng'ombe”. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160 ukiwa umeandikwa kwa seti ya herufi ya GSM ya biti 7. Ritifaa iliyonyooka, U+0027 kwa namba ya Unicode, ile seti pana ya herufi za lugha zote, imo katika seti hiyo ya GSM. Ritifaa iliyopinda, U+2019, haimo. Simu za iPhone huipinda zenyewe, Word nayo huipinda, na mwandishi akinakili kutoka huko neno moja tu “ng’ombe” hubadilisha ujumbe wote kuwa wa Unicode wenye herufi 70. Ukizidi hapo, kila sehemu hubeba 67 tu, badala ya 153. Tangazo la herufi 150 lililokuwa ujumbe mmoja linakuwa jumbe tatu, na gharama yake mara tatu, kwa kila mpokeaji. Zana ionyeshe idadi ya jumbe, ioneshe kwa rangi ni herufi ipi iliyosababisha, na iwe na kitufe cha kuinyoosha. Nyoosha ritifaa iliyo baada ya “ng” na kabla ya irabu au w pekee (w kwa ajili ya majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w), usije ukaharibu alama za kunukuu za mwandishi. Na ukiwa hapo hapo, mkumbushe aliyeandika “ngoa” kama alikusudia “ng'oa”: yote mawili ni maneno, na la kwanza ni wivu.

Usafi huo wa ritifaa utaufanya katika kila zana, si hii tu. Ukigawa maneno kwa \w ya JavaScript, “ng'ombe” itakuwa “ng” na “ombe” na idadi ya maneno itakuwa uongo. Tumia Intl.Segmenter, sehemu ya JavaScript ya kugawa maneno, ambayo huiacha ritifaa ndani ya neno. Ipo Chrome tangu toleo la 87, Safari tangu 14.1 na Firefox tangu 125. Kwa simu za zamani weka kanuni yako mwenyewe inayokubali herufi pamoja na ritifaa katikati yake.

Ya nne ni kigeuza saa kwa wanaotangaza mikutano, madarsa na usomaji wa hadithi wa moja kwa moja. Mwandishi anachapa “Jumamosi saa 2 usiku” na msomaji anaona saa yake popote alipo. Saa 2 usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 20:00 katika UTC+3. Muscat itakuwa saa 3 usiku, Kigali, Bujumbura na Goma saa 1 usiku, na London saa 11 jioni wakati wa baridi au saa 12 jioni wakati wa kiangazi. Hesabu ya ndani inaonekana kama kujumlisha 6, ila ina pembe kadhaa. Kwa asubuhi, mchana na alasiri ongeza 6. Kwa usiku na alfajiri ongeza 18 kisha toa 24 ikifika 24 au kuzidi. Saa 12 asubuhi ihesabu kama 0 kabla ya kuongeza, la sivyo itatoka 18:00. “Jioni” ina sura mbili: saa 10, 11 na 12 jioni huongezwa 6, lakini saa 1 jioni ni 19:00, hivyo inaongezwa 18. Na “Jumamosi saa 7 usiku” usiikisie hata kidogo. Kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa mwingine ni wa kuamkia Jumapili. Onyesha vitufe viwili vyenye maneno hayohayo mwandishi achague. Hifadhi jibu kwa mfumo wa ISO wa kuandika tarehe na saa, pamoja na Africa/Nairobi, acha Intl.DateTimeFormat ishughulikie kanda ya msomaji, halafu rudisha mwenyewe kuwa saa ya Kiswahili. Kivinjari hakitakufanyia hilo hata ukiweka lugha “sw”.

Sasa kuhusu simu za kawaida. Zana zote hizi zinakaa kwenye kisanduku cha kuandikia, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Tumia textarea ya kawaida. Usishawishike na contenteditable, kwa maana mwandishi akibandika kutoka Word utapokea rundo la rangi na fonti, na kila kivinjari kitavunja mistari kwa namna yake. Ukitaka kupiga mistari ya njano chini ya maneno, weka div nyuma ya textarea yenye fonti, ukubwa, pambizo na urefu wa mstari uleule, andika humo maandishi yaleyale yakiwa na alama, na usogeze div kila textarea inaposogezwa. Tofauti ya pikseli moja ya pambizo inatosha kuifanya mistari iteleze, na utaigundua kwenye shairi refu tu. Fonti isiwe chini ya pikseli 16, kwani iPhone huvuta ukurasa mzima mtu anapogusa kisanduku chenye maandishi madogo. Weka lang="sw" na uzime ukaguzi wa kivinjari kwa spellcheck="false"; simu iliyopangwa Kiingereza itachora mstari mwekundu chini ya kila neno, na maonyo yako yatapotea humo.

Kwenye Android usitegemee tukio la keydown. Kibodi nyingi hutoa namba 229 kwa kila herufi. Sikiliza tukio la input, na usibadilishe maandishi wakati kibodi bado inaunda neno, la sivyo herufi zitajirudia. Subiri milisekunde 250 baada ya herufi ya mwisho ndipo uhesabu, na uhesabu ubeti uliobadilika pekee.

Kupoteza rasimu ya mtu ni kosa ambalo halisahauliki. Hifadhi kila sekunde moja ya utulivu, na tena kwenye tukio la visibilitychange, maana simu inaweza kuua ukurasa bila kutoa beforeunload. Hifadhi ya localStorage inatosha kwa kuanzia. Ina nafasi ya takriban MB 5. Lakini jua kwamba tangu mwaka 2020 Safari hufuta data ya namna hiyo ikiwa mtumiaji amekitumia kivinjari siku 7 bila kuigusa tovuti yako. Mshairi aliyeiacha zana wiki mbili akirudi anaweza kukuta patupu. Kwa hiyo kitufe cha kupakua rasimu kama faili la maandishi kiwe kikubwa na kiwe juu, na chini yake andika wazi kwamba rasimu iko kwenye simu hiyo pekee. Ongeza service worker, msimbo unaohifadhi kurasa ndani ya simu, ili ukurasa ufunguke bila mtandao. Uzito wote, pamoja na orodha za maneno, usizidi KB 300. Mtumiaji wako ananunua bando.

Usitume maandishi ya mtu kwenye seva. Zana hizi nne hazihitaji. Ukianza kuweka akaunti na barua pepe za watu unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019, na wajibu wake si wa mtu mmoja anayejitolea. Kwa sababu hiyohiyo, pamoja na gharama ya kila ombi, sikushauri uziunganishe na modeli kubwa za lugha zinazoendeshwa na kampuni za nje. Kuna na sababu ya sanaa. Modeli hizo husawazisha. Mshairi wa Mombasa au Lamu akiandika “mato” na “nti” amechagua lahaja yake na mizani yake; zana itakayomgeuzia kuwa “macho” na “nchi” imemvunjia kina. Weka kitufe cha lahaja kinachozima maonyo ya msamiati, hesabu iendelee.

Umeuliza maneno yatoke wapi. Usinakili kamusi zilizochapishwa, ikiwemo za TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Zina hakimiliki, na orodha ya maingizo yake ni kazi ya watu. Zitumie kuthibitishia tahajia neno kwa neno, hasa unapokuwa na shaka. Matini ya bure na halali ni Wikipedia ya Kiswahili, ambayo unaweza kupakua yote kama faili moja chini ya leseni ya CC BY-SA. Masharti yake ni kutaja chanzo, na kinachotokana nayo kitolewe kwa leseni hiyohiyo. Hesabu maneno yake kwa wingi wa kujitokeza, chambua yale yenye mb na mv kwa mkono, na utapata zile 200 za mwanzo kwa jioni chache. Ila ina mapungufu: ina makala nyingi fupi za vijiji, wilaya na miaka, hivyo majina ya mahali yatajaa juu ya orodha na maneno ya mapenzi, majonzi na bahari, ambayo washairi huyatumia, yatakuwa machache. Hayo uyapate kwa watunzi wenyewe. Watafute watano wanaotunga kwa arudhi, angalau mmoja wa pwani ya Kenya na mmoja wa Unguja, waombe kila mmoja aweke mashairi yake kumi kwenye zana akiwa ameshika simu yake mwenyewe, nawe usiseme neno. Kila mara atakapoguna na kuhesabu upya kwa vidole, andika mshororo ule ulivyo. Hizo ndizo kanuni zako za toleo la pili.